Mchoraji anaongea na nani akiwa mbele ya picha? Tulielewe vizuri hili jambo

Siku hizi ukiwaambia watu wewe ni mchoraji, swali linalokuja haraka ni kwamba sasa utakula wapi, maana simu ina programu za akili mnemba (AI) zinazochora zenyewe. Mtu anaandika maneno matano tu, simba amevaa kanzu yupo ufukweni, anabonyeza, sekunde chache picha hiyo hapo. Alafu kuna swali la pili, hili nimelisikia tangu nianze kushika brashi hata kabla ya hizo programu: "hii si unaitoa tu kichwani? Siku mbili umeimaliza, laki mbili na nusu ya nini?" Maswali mawili haya yanaonekana tofauti ila mzizi wake ni mmoja, watu hawajui kinachoendelea muda ule mchoraji amekaa kimya anaangalia ubao wake. Wanauona mkono tu. Na siwalaumu, kwa sababu sisi wenyewe hatuelezi, ukituuliza tunakujibu "ni kipaji bana, inakuja yenyewe," wakati haiji yenyewe hata kidogo.

Tuanze na maneno kwanza ili tusipishane. Kiswahili kinatumia kuchora kwa kila kitu, mtoto akichora gari kwa penseli, fundi akichora ramani ya nyumba, mimi nikijaza rangi kwenye kanvasi, na ukisema kupaka rangi watu wanawaza ukuta. Hapa nikisema kuchora namaanisha kutengeneza picha kwa rangi na brashi, iwe juu ya kanvasi, hadibodi au gunia. Nikisema uamuzi namaanisha kila pale ambapo mkono ungeweza kwenda kule ukaenda huku. Na nikisema mazungumzo ya ndani simaanishi kwamba mchoraji anasikia sauti au kapandisha mashetani. Ni kitu ambacho kila mtu anakifanya, mama yupo jikoni anaonja mchuzi anajisemea moyoni "chumvi bado, ila nikiongeza sasa hivi ukikauka utazidi, ngoja kwanza." Ndo hiyo hiyo. Na mara nyingi hata haiwi maneno, unaangalia kona fulani ya picha unahisi tu kwamba pale hapana, sababu yake unakuja kuijua baadaye.

Mfano unaonisaidia kueleza ni bao. Ukiwaangalia wazee wanacheza bao unaweza kudhani kila mmoja ana mpango wake kamili kichwani tangu mwanzo, lakini kila kete zikisambazwa, mashimo yote yamebadilika, ulichopanga dakika moja iliyopita kinaweza kisiwezekane tena na kuna kitu kipya kimefunguka ambacho hakikuwepo. Mchezaji anasoma bao lilivyo sasa hivi, halisomi lilivyokuwa kichwani mwake. Picha ni hivyo hivyo, kila rangi unayoweka inabadilisha zile ulizokwisha kuweka na inabana zile zitakazofuata. Kwa hiyo mchoraji anaongea na nani? Anaongea na kile kilichoko mbele yake. Anaweka kitu, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama picha imejibu nini, anaweka kingine.

Nichukue picha yangu moja ili tusibaki hewani. Nilitaka kuchora mama anakaanga mihogo jioni pale Kigamboni, pale watu wanaposhuka kwenye pantoni. Nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa hicho tu, mama, karai, jioni. Wala sikuwa na picha nzima, watu wengi wanadhani tunakuwa na picha nzima ndani alafu kazi iliyobaki ni kuihamishia nje kama mtu anavyohamisha faili kutoka kwenye simu kwenda kompyuta. Kichwani picha inaonekana imekamilika kwa sababu kichwa hakikuulizi maswali. Hebu jaribu sasa hivi kufikiria uso wa mama yako mzazi, unauona vizuri kabisa si ndio? Sasa niambie umbali kati ya nyusi na jicho ni upana wa kidole kimoja au nusu. Ubao unakuuliza hayo yote na hauendelei mpaka umejibu.

Swali la kwanza ni umbo. Ubao mpana ungenivuta kwenye pantoni na umati wa watu, ubao mrefu wa kusimama ungenivuta kwa mama peke yake. Nikachukua hadibodi ya mraba, futi mbili kwa mbili. Kuna heshima ndani yake pia, marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi vya mraba vya kiasi hicho hicho na rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, kwa sababu ndo vitu vilivyopatikana na alivyovimudu. Mraba hauna upande unaoshinda mwingine, kwa hiyo inabidi wewe uamue uzito unaenda wapi.

Nikachukua chaki nikamweka mama katikati. Nikarudi nyuma. Amekaa kama kapigwa picha ya pasipoti, ametulia mno, hakuna jioni wala njaa wala haraka ya watu. Nikafuta, nikamsogeza kushoto. Sasa kulia kukabaki wazi na hapo ndipo kichwa kilianza kubishana, weka abiria, hapana ukiweka abiria wanaoshuka utachora nyuso arobaini na mama atapotea, basi weka bahari, bahari jioni inapendeza lakini itaiba jicho lote. Nilikaa pale nafikiri nusu saa nzima bila kugusa kitu, mtu akipita anasema huyu leo hana kazi. Alafu nikakumbuka mama yule amekaa kwenye kigoda. Ukiwa kwenye kigoda huoni nyuso za watu, unaona miguu. Nikachora miguu tu, ndala, buti za mgambo, viatu vya shule, miguu ya mtu mzima na ya mtoto aliyeshikwa mkono, na mwili wote juu ya magoti nikaukata kwa ukingo wa ubao. Kwa uamuzi huo mmoja picha ikawa picha nyingine kabisa, mwanzo ilikuwa mama anayekaanga mihogo kama sisi tunavyomwona tukipita, sasa ikawa dunia kama anavyoiona yeye. Na hilo wazo halikuwepo kichwani nilipoanza, limetoka kwenye ile nafasi tupu ya kulia iliyonisumbua.

Hii haitokei kwangu tu. Miaka ya 1960 watafiti wawili, Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi, waliwachukua wanafunzi 31 wa chuo cha sanaa Chicago wakawawekea vitu 27 mezani, kila mmoja achague anavyovitaka, avipange kwenye meza nyingine, alafu avichore. Wengine walichagua haraka, wakajua wanataka kuchora nini, wakachora. Wengine walivishikashika vile vitu, wakavigeuza, wakapanga wakapangua, na hata wakiwa wameshaanza kuchora wakaendelea kubadilisha mawazo. Wataalamu walipoletewa zile kazi bila kujua nani kafanyaje, zilizoonekana kuwa na upya zaidi zilitoka kwa kundi la pili, wale wa kuhangaika. Kwa hiyo ukimwona mchoraji anazunguka na kufutafuta usidhani hajui kazi, huenda bado anatafuta swali lenyewe.

Turudi kwenye rangi maana hapa ndo watu wengi huwa hawanielewi. Nilipaka anga la jioni rangi ya chungwa, jua linazama. Likatoka zuri sana. Siku iliyofuata, rangi imeshakauka, nikachora moto chini ya karai kwa rangi ya chungwa na njano, na moto ukafa. Yani rangi ile ile ambayo kwenye kopo ilikuwa kali, pale ubaoni ikawa kama vumbi. Rangi haikuharibika, ila anga lilikuwa limeshasema kila kitu ambacho moto ulitaka kusema.

Kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya rangi kwenye kiwanda cha Gobelins pale Paris, kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani. Watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi za pale zinafifia, zikikaa na bluu au zambarau hazionekani nyeusi sawasawa. Akazipima akakuta nyuzi hazina tatizo lolote, tatizo ni jirani, rangi iliyokaa pembeni inalidanganya jicho. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo na wachoraji wakakishika sana. Huhitaji kwenda Paris kuliona, chukua khanga mbili zenye nyekundu moja, moja mji wake, yani ile sehemu ya katikati, ni mweusi na nyingine mji wake ni mweupe, ziweke pamoja alafu uniambie kama hizo nyekundu mbili zinafanana.

Ndo maana huwezi kumwambia mchoraji "wewe weka tu rangi nzuri." Hakuna rangi nzuri yenyewe peke yake. Kwangu mimi ilibidi niamue kitu kimoja kinachouma, kulifunika lile anga zuri lote kwa bluu iliyokolea ya saa moja usiku, ili moto ubaki kitu pekee chenye joto kwenye picha. Kazi ya siku nzima imekwenda, na siku nyingine ya kusubiri ikauke maana rangi ya oili haina haraka. Mazungumzo ya ndani hapo yanakuwa makali kweli, kuna sauti inasema acha bana, mteja atalipenda hilo anga, kila mtu anapenda jua linazama. Na hiyo si sauti mbaya, tumbo nalo lina haki ya kuongea kwa sababu kodi ya chumba haingoji. Lakini lazima ujue ni nani anaongea muda huo, jicho au tumbo, ukizichanganya ndo unatoa picha ambayo hata wewe hujui uliichora kwa nini.

Nikisimulia hivi watu wananiambia basi wewe bado hujaiva, wakubwa hawakosei. Wanakosea, au tuseme wanabadilisha mawazo, na ushahidi upo. Picasso alipochora Guernica, baada ya mji wa jina hilo hilo kule Hispania kupigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, mpiga picha Dora Maar alikuwa anaipiga picha kazi hatua kwa hatua. Ni kitambaa kikubwa, karibu mita tatu na nusu kwenda juu na karibu nane kwenda pembeni, na kilikamilika ndani ya wiki chache tu. Kwenye picha za mwanzo yule shujaa aliyelala chini amenyanyua mkono juu amekunja ngumi. Baadaye ngumi ikashika shada la mimea na nyuma yake likatokea jua kubwa. Baadaye mkono wote ukaondolewa, na pale palipokuwa na jua pakabaki umbo kama jicho lenye balbu ya umeme ndani. Akajaribu hata kubandika vipande vya karatasi za rangi alafu akavitoa. Ukiliangalia hilo badiliko la ngumi unamsikia kabisa mtu anafikiri: ngumi ilikuwa inasema tutashinda, na yeye akafika mahali akaona picha hii haiwezi kusema hivyo, watu wamekufa. Hakuwa na jibu hilo siku ya kwanza.

Waitaliano wana neno pentimento, maana yake kutubu, ndo wanaloliita alama ya wazo la zamani linalochungulia chini ya rangi mpya. Nalipenda sana neno hilo.

Na kuna kisa cha mchoraji Mfaransa Paul Cézanne ambacho nakirudia kwa kila kijana anayekuja kujifunza. Mwaka 1899 alikuwa anachora sura ya mfanyabiashara wake wa picha, Ambroise Vollard, ambaye mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba alikaa mara 115 na picha bado haijaisha. Kwenye mikono palibaki vidoa viwili vidogo havina rangi, kitambaa kinaonekana. Vollard akauliza kwa nini asiviweke tu rangi. Cézanne akamjibu kwamba akiweka rangi yoyote ya kubahatisha pale, atalazimika kuianza picha nzima upya kuanzia hapo hapo. Watu wanacheka wakisikia, vidoa viwili tu! Lakini rudi kwenye bao na khanga utaona alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa, rangi hiyo ndogo ingekuwa jirani mpya kwa kila rangi nyingine.

Sasa hoja nyingine inayonigusa sana kwa sababu inahusu ndugu zetu. Utasikia wachoraji wa Tingatinga hawafikirii, wanakopi tu, chui yule yule, twiga wale wale. Ni kweli michoro inarudiwa, na sababu zinajulikana, Tingatinga mwenyewe alichora miaka kama minne tu kabla ya kupigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972, wanafunzi na ndugu zake wakaendeleza, na wateja wakubwa wakawa watalii ambao wanataka kitu wanachokitambua na kinachoingia kwenye begi. Lakini kurudia mada si kurudia maamuzi. Mwimbaji wa taarabu akiuimba wimbo ule ule miaka ishirini kila usiku anaamua wapi avute na wapi akate. Kaa na hao mafundi utaona, wao wenyewe wanatambua mkono wa nani ni upi hata bila kusoma jina, kwa namna mgongo wa mnyama ulivyopinda au nafasi kati ya doa na doa. Ukirudia chui mara mia tano, maamuzi makubwa yanakuwa yameshafanywa, na akili yote inashuka kwenye madogo. Hiyo nayo ni kazi ya kichwa.

Mpaka hapa nimeongelea maamuzi ya jicho, ila kuna maamuzi ya maana na haya yanahitaji ujasiri. Mfano wangu ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga kule Kongo, aliyezaliwa mwaka 1947 pale Elisabethville, Lubumbashi ya sasa. Kule watu walizoea kununua picha za kuweka sebuleni walizoziita ukumbusho, mambo ya zamani yanayomkumbusha mtu alikotoka, na Tshibumba miaka ya 1973 na 1974 akachora historia nzima ya nchi yake kwenye picha zaidi ya mia moja, kisha akakaa na mtafiti Johannes Fabian akazieleza kwa Kiswahili cha kule. Kwa hiyo tuna mchoraji anayeeleza maamuzi yake kwa lugha yetu, na sijui kwa nini hatumtaji zaidi. Kwenye picha ya kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kuna misalaba mitatu kwa nyuma, na damu inayotoka ubavuni inaandika chini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Hakuna aliyeshuhudia kitu kama hicho. Aliamua kusema nini kilitokea na kinatuhusu vipi, vyote kwa pamoja, na uamuzi huo ni mzito kuliko kujua damu ichanganywe na rangi gani.

Kuhusu bei na siku mbili, kesi hiyo ilishafika mahakamani London mwaka 1878. James Whistler, Mmarekani, alichora fataki usiku, mhakiki John Ruskin akaandika kwamba jamaa anadai gini 200 (gini ni pesa ya zamani ya Uingereza) kwa kuurushia umma kopo la rangi usoni, Whistler akamshtaki. Mwanasheria wa Ruskin akambana Whistler, kazi ya siku mbili ndiyo unayodai gini 200? Akajibu hapana, nadai kwa maarifa niliyoyapata katika kazi ya maisha yangu yote. Alishinda, ila fidia aliyopewa ilikuwa robo ya peni na mwaka uliofuata akafilisika. Hivyo usidhani jibu zuri linalipa bili. Lakini jibu ni sahihi, zile siku mbili zinawezekana kwa sababu maelfu ya maswali umeshayajibu kwenye picha za nyuma, mkono unayajua, kichwa kinabaki na yale mapya tu.

Na zile programu za simu? Kwa maelezo mepesi, nyingi zinaanza na picha ya chenga, chenga zile zile za tivii isiyoshika antena, alafu zinazipunguza hatua kwa hatua kuelekea kitu kinachofanana na maneno uliyoandika, kwa kuwa zimefunzwa kwa mamilioni ya picha za watu. Zinafanya hatua nyingi, hilo tukubali. Ila ukiandika mama anakaanga mihogo jioni utapata mama anakaanga mihogo jioni, na kuna uwezekano mkubwa jua linazama. Haitafika katikati ikasumbuliwa na nafasi tupu ya kulia mpaka ikakumbuka kigoda. Hilo swali bado ni la mtu, hata huyo anayetumia programu, akiwa ni mtu wa kujiuliza atazikataa picha ishirini mpaka apate anachokitafuta, na huyo naona naye anafanya kazi.

Limebaki moja, unajuaje imeisha? Mimi huwa naigeuza picha iangalie ukutani, wiki nzima, naifanya niisahau. Nikiigeuza tena nahesabu jicho langu linakwama wapi. Ile ya mihogo niliigeuza, jicho likaenda kwenye moto, likapanda na moshi, likashuka kwenye miguu ya mtoto, likarudi kwa mama. Lilikwama sehemu moja tu, kiatu cheupe cha shule kilichokuwa kinapiga kelele pembeni kabisa. Nikakichafua kidogo kwa kahawia, kama mtoto katoka kucheza. Alafu jina, nalo lina swali lake, kulia kuna miguu hakuna nafasi, kwa hiyo nikasaini kushoto chini, kwenye kivuli cha kigoda, kwa bluu inayokaribiana na bluu ya pale ili lisije likawa kitu cha kwanza mtu kukiona.